Zitazame Ngazi za Nyumba Yako

Mgeni akifika katika nyumba mpya husifu bati, husifu madirisha, husifu hata mapazia. Sijapata kumsikia mtu akisifu ngazi. Ngazi hukanyagwa tu, na mzee, na mtoto, na mwenye ndoo ya maji kichwani, mpaka siku ile zinapomwangusha mtu. Hapo ndipo fundi aitwapo mbio.

Sisi tukaao milimani Usambara twazijua ngazi, maana kiwanja tambarare ni adimu kwetu. Nyumba hukaa ubavuni mwa mlima: nyuma imegusa ardhi, mbele imeinuka juu ya msingi mrefu. Ndivyo ilivyo nyumba ya marehemu baba, aliyoijenga mwaka 1984. Kutoka uani kupanda barazani pana vipandio tisa vya mvule, vimebebwa na mbao mbili ndefu za mkaratusi, na upande wa kushoto pana mkono wa kushikia.

Mama, ambaye umri wake sasa umepita sabini, aliacha kushuka uani. Alishinda barazani akiwaagiza wajukuu wamchumie mchicha na wamfungie kuku. Akiulizwa, alisema magoti. Lakini Jumapili alitoka kwa mlango wa nyuma, akaupanda mlima mpaka kanisani bila kupumzika. Magoti gani hayo? Basi nikaenda kuutikisa ule mkono wa ngazi. Ulicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Hapa nataka tuelewane, ndugu msomaji. Mkono wa ngazi uliolegea ni mbaya kuliko kutokuwa nao kabisa. Pasipo na mkono, mtu hushuka kwa hadhari. Penye mkono, huutegemea kwa uzito wake wote. Kwa hiyo msianze na vanishi, kama wengi wafanyavyo sikukuu ikikaribia. Kwanza uimara, halafu uzuri.

Kaka yangu akaaye mjini alileta shauri kwamba tubomoe yote tumwage saruji. Ni shauri la mwenye fedha. Mimi sikukubali kuutia jikoni mvule mzima uliotubeba miaka zaidi ya thelathini. Tulimwita fundi wa hapa kijijini, nami nikawa msaidizi wake.

Kazi ya kwanza ni kuchunguza. Chukua kisu, uchome ncha yake mahali maji yapendapo kukaa: kwenye miisho ya mbao, kando ya misumari, na pale mbao igusapo udongo. Ncha ikizama bila nguvu, hapo pameoza. Ukiona njia za udongo zikipanda juu ya mbao, huyo ni mchwa. Ukiona vitundu vidogo na unga mlaini chini yake, hao ni wadudu watoboa mbao. Kwetu vipandio vilikuwa vizima. Zilizooza ni ncha za chini za zile mbao mbili za mkaratusi, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimeteremsha udongo ukazifukia.

Mbao nzima haitupwi kwa sababu ya ncha. Tuliziegemeza ngazi kwa miti imara, fundi akakata shubiri moja iliyooza, kisha tukamwaga kidaraja cha saruji kilichoinuka sentimita 15 juu ya ardhi, ili mbao zikae juu yake. Mchwa akitaka kupanda sasa, atajenga njia yake juu ya saruji, nasi tutaiona.

Lakini angalieni vipimo. Vimo vya vipandio vyote vilingane, yapata sentimita 17 au 18. Mguu huhesabu wenyewe. Kimoja kikizidi wenzake kwa sentimita mbili tu, mtu hujikwaa hata mchana. Katika karne ya 17 Mfaransa mmoja, François Blondel, alifundisha kwamba kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na upana wake, kilingane na hatua moja ya mtu. Mafundi leo huchukua jumla ya sentimita 60 hadi 64. Nilipima kazi ya baba, ambaye hakumsoma Mfaransa yeyote: 63.

Nguzo za mkono zilikuwa zimepigwa misumari tu. Msumari hung'oka polepole kila mtu avutapo. Tulitoboa kwa keekee, tukapitisha bolti upande hadi upande na kuzikaza. Mkono wenyewe uwe juu kiasi cha sentimita 90 kutoka kwenye kipandio, na unene wake uwe wa kuzungukwa na vidole, maana ubao mpana haushikiki. Nafasi kati ya viguzo zisizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisije kikapita. Tulipomaliza, fundi aliegemea kwa kishindo. Haukutikisika.

Kipandio kikilia, chomeka kabari nyembamba yenye gundi kutoka chini, kisha kaza kwa skrubu. Kama huna gundi, unga wa chaki katika ufa hunyamazisha kwa muda.

Sasa ndio uzuri. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Hivyo ilowesheni kabla ya kuisugua, watoto wawe mbali, na mabaki yazoleweni yote. Piga msasa kufuata mwendo wa nyuzi za mbao, kuanzia namba 80, halafu 120. Futa vumbi. Pakaza vanishi nyembamba mara mbili au tatu, kila mara ukingoja ikauke. Kwenye ukingo wa vipandio tulipaka rangi nyeupe na kunyunyiza mchanga safi ingali mbichi, mguu usiteleze wakati wa mvua. Wako wapakao oili chafu ya gari. Huteleza, huchafua nguo, tena haifai kuguswa na mikono ya watoto.

Ili nyumba isifungwe, paka kipandio kimoja, ruka kimoja. Kesho yake vilivyobaki. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani msiyarundike pembeni, maana hupata moto yenyewe na kuwaka. Yatandazeni nje yakauke.

Mama alishuka siku ya tatu, kabla sijamwambia kwamba rangi imekauka. Alikwenda moja kwa moja kwa kuku, akawahesabu, akauliza yule jogoo mwekundu amekwenda wapi. Wajukuu walitazamana.

Kila masika yakiisha nazikaza bolti, maana mbao hunywa maji na kukauka. Mwaka huu mbili zilikuwa zimelegea.