Kulala Karavanini Januari, Kando ya Lake Superior

Tuliondoka Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, asubuhi ya Ijumaa moja ya Januari. Kipimajoto cha gari kilisoma sifuri ya Farenhaiti, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo tulichozoea kwetu. Pikapu ya shemeji ilikuwa ikivuta karavani ya futi 24, na ndani ya pikapu tulikuwemo shemeji, dada yangu, watoto wao wawili na mimi. Miguuni petu tulibanana na madumu ya maji, kwa kuwa kule tulikokuwa tunakwenda mabomba ya kambi hufungwa majira yote ya baridi.

Wenye karavani wengi wa Minnesota huziegesha mwezi Oktoba, wakamwaga maji yote na kutozigusa tena hadi majira ya kuchipua. Shemeji alinunua iliyojengwa kwa misimu yote: chini ya sakafu yake mna nafasi iliyofunikwa, na humo mmepita tangi la maji na mabomba. Kwa miaka alikuwa akiniambia kwamba Lake Superior ya Januari ni nchi nyingine kabisa, na kwamba joto la karavani ni elimu ya kujifunza mtu akiwa papo hapo. Mimi nilikulia Mombasa, ambako hata usiku wa Julai hatuhitaji zaidi ya shuka. Nilikwenda kujifunza.

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kilomita 250 hivi. Barabara inapanda taratibu, kisha ghafla inaporomoka mlimani na mji wote unafunguka chini yako, na nyuma ya mji hakuna kingine ila maji. Lake Superior ina kilomita za mraba 82,000, inalishinda hata Ziwa Victoria. Januari hiyo katikati ya ziwa palikuwa hapajaganda, na maji, yakiwa na joto kuliko hewa, yalikuwa yakitoa mvuke mweupe uliotambaa juu ya mawimbi. Kutoka hapo tulifuata Barabara Kuu ya 61 iliyopita kando ya ufuo. Tulisimama kuutazama mnara wa taa wa Split Rock juu ya jabali lake. Uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1910, baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuangamiza meli nyingi katika maji haya. Watoto walipiga picha, upepo ukatufukuza garini.

Tulifika kambini saa tisa alasiri. Jua lingezama kabla ya saa kumi na moja, na lisingechomoza tena mpaka karibu saa mbili asubuhi: usiku wa saa 15. Shemeji hakuingiza hata tone la maji kwenye tangi. Alichomeka waya wa umeme kwenye nguzo ya kambi, akafungua mitungi ya gesi, akaingia ndani na kuiweka themostati kwenye nyuzi 65 za Farenhaiti, ambazo ni 18 za kwetu.

"Sikiliza, shemeji," akaniambia. "Usitazame, sikiliza."

Kwanza ulisikika mlio mdogo wa swichi ukutani. Kisha feni ikaanza kuvuma, ikisukuma hewa ambayo bado ni baridi. Kwa muda feni ikavuma peke yake. Ndani ya hita ya gesi mna kibati chepesi kinachosukumwa na upepo wa feni. Kisiposukumwa, gesi haifunguliwi, kwa maana moto usio na upepo ungeichoma hita yenyewe. Halafu zikaja cheche, tik-tik-tik, na mara mguno mzito wa moto ukiwaka. Baada ya dakika moja hewa ya moto ilitoka kwenye matundu ya sakafuni. Shemeji alinieleza kwamba anayeujua mpangilio huo wa sauti hulala kwa amani, kwa sababu hita ikikwama usiku, masikio yatamwambia imekwama wapi. Feni ikivuma bila cheche, betri imelegea au njia ya hewa imeziba. Cheche zikilia bila moto, gesi haifiki.

Mpwa wangu wa kiume alikuwa anatetemeka. "Baba, weka 80, tupate joto upesi!"

"Mwanangu, hita hii haina moto mdogo wala moto mkubwa. Ina kuwaka na kuzimika. Ukiweka 65 au 80, moto ni uleule. Tofauti ni pale itakapozima, na gesi itakayokwenda."

Tulikaa na makoti yetu zaidi ya saa moja. Hapo ndipo shemeji alipotoa kitu nilichokuja kukiona kuwa cha thamani kuliko hita yenyewe: kijiskrini kinachosoma vipimajoto viwili visivyo na waya. Kimoja kilikuwa chumbani. Kingine alikwisha kukifunga chini ya sakafu, kando ya tangi. Cha chumbani kilipofika 18, cha chini kilikuwa nyuzi 2 tu. Tulisubiri. Cha chini kilipofika 7, ndipo alipomimina maji ya madumu kwenye tangi na kuwasha pampu. Mifereji ikatema kwanza ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyokuwa imelala mabombani, kisha yakafuata maji safi. Dawa hiyo ni ya aina ya propilini glaikoli, iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya nyumbani. Ile ya injini ya gari ni sumu na haipaswi hata kukaribia tangi la kunywa.

Baada ya chakula, dada aliwasha hita ndogo ya umeme iliyokuwa kabatini. Umeme wa kambi tulikwisha kuulipia, na gesi ni ya kununua, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Chumba kikazidi kupendeza, nyuzi 19. Hita ya gesi ikanyamaza. Shemeji hakusema kitu. Aliweka kijiskrini mezani mbele yetu. Kwa muda wa saa moja na ushei tukicheza karata, namba ya juu ilibaki pale pale, na namba ya chini ikashuka: 7, 6, 5, 3. Nje ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri.

Sababu ni hii. Hita ya gesi ina mabomba ya hewa yanayopita sakafuni, na sehemu ya hewa yake ya moto humwagwa chini kule kwenye tangi. Hita ya umeme inapasha chumba peke yake. Nayo themostati iko ukutani, karibu na jiko. Inajua habari za ukuta ule na si zaidi. Ukuta ukipata joto, kwa hita ya umeme au hata kwa sufuria ya chai inayochemka, themostati huona kazi imekwisha na kuizima hita ya gesi. Watu wanastarehe juu, maji yanaganda chini, na bomba lililopasuka hujulikana siku barafu inapoyeyuka.

Dada akaihamishia hita ya umeme mwisho wa karavani, kwenye vitanda vya watoto, mbali na themostati, akaipunguza. Hita ya gesi ikavuma tena, namba ya chini ikaanza kupanda. Pale mezani nilielewa neno ambalo ningependa kila msafiri wa baridi aondoke nalo: karavani haipashwi moto kwa ajili ya mwili wako. Mwili una blanketi, una soksi, una mwenzio wa kulala naye. Maji hayana kitu. Namba ya themostati huchaguliwa kwa kuyatazama maji.

Kabla ya kulala shemeji alitoka na ufagio wa mkono kuondoa theluji kwenye tundu la nje ambako hita hutolea moshi wake. Hita hii huvuta hewa yake nje na kutolea moshi nje, ndiyo maana inafaa kulala nayo. Jiko la kupikia halifai kabisa. Hutolea moshi na mvuke wake mlemle ndani, na kaboni monoksidi haina harufu. Watu wamekufa usingizini kwa kuacha jiko likiwaka ili kuota moto. Shemeji alibonyeza king'ora cha kaboni monoksidi, kikalia, kisha akabonyeza cha gesi kilichofungwa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Mwisho akafungua tundu la darini upana wa kidole. Nilishangaa kuona tukiruhusu baridi iingie, lakini pumzi za watu watano usiku kucha ni maji, na maji hayo yasipopata pa kutokea hugandia madirishani na kulowesha magodoro.

Usiku wa pili tulisogea kaskazini, mahali pasipo na umeme. Huko hesabu ilikuwa nyingine. Moto ni wa gesi, lakini feni ni ya betri, na feni ya karavani yetu hula takriban ampea 8. Kwa usiku mrefu kama ule, hita ikivuma nusu ya muda, ni ampea-saa 60. Tulikuwa na betri mbili za risasi za ampea-saa 100 kila moja, na betri za aina hiyo hazifai kunywewa zaidi ya nusu. Baridi nayo hula sehemu yake. Zilitosha usiku mmoja. Asubuhi jenereta ndogo ikazijaza tena.

Nilimuuliza shemeji kama tusingeshusha themostati hadi 50 tukilala, tubane matumizi. Alikataa kushuka chini ya 60. Baridi kali kuliko zote huja karibu na mapambazuko, akasema, saa ambayo betri imechoka na maji yamepoa. Ukiilaza hita usiku, utaidai kazi nzito saa isiyoweza. Joto la wastani lisilopandapanda wala kushukashuka ndilo rafiki wa mabomba.

Alfajiri niliamka kwanza, nikatoka kutazama mitungi. Juu ya regyuleta mna kidirisha kidogo: kilikuwa kijani, sasa kimegeuka chekundu. Mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha na wa pili kushika zamu wenyewe. Kila mmoja hubeba kilo 13 na kitu, sawa na ule mtungi wa kilo 13 unaotumika majikoni Kenya. Kwetu familia hupikia kwa wiki nyingi. Hapa, hita ikiwaka mfululizo, huumaliza kwa saa 21 hivi. Na gesi yenyewe si ileile. Ya kwetu huchanganywa na buteni, ambayo ikipoa chini ya sifuri haipandi tena kuwa hewa. Ingebaki mtungini kama maji. Propeni huendelea kutoka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Siku ya kurudi, maji yote yalimwagwa hita ikiwa bado inawaka, dawa ya waridi ikarudishwa mabombani, gesi ikafungwa.

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizoko Minnesota huuona mwezi Januari kupitia dirishani, na watoto wao hukua wakidhani baridi ni adui wa kukimbiwa. Natamani waende kaskazini waone ziwa likifuka mvuke na usiku wenye nyota nyingi kuliko za utotoni mwetu. Inawezekana, na inataka utaratibu tu. Anayetaka kuanza, aanze na usiku mmoja karibu na nyumbani, mahali penye umeme, mitungi yote miwili ikiwa imejaa, na vipimajoto viwili: kimoja anakolala yeye, kingine yanakolala maji.