Ndugu Wawili na Elimu Yao

Watoto wawili wa tumbo moja, mmoja wa miaka mitano na mmoja wa mitatu, hawapimwi kwa pishi moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Basi mkubwa huenda shule, na mdogo hubaki na mama au bibi. Hapo huzaliwa hatari mbili: mdogo hujiona amenyimwa, na mkubwa huanza kudharau mafunzo ya nyumbani. Kuigeuza jioni kuwa darasa la pili hakuponyi hata moja. Mtoto aliyechoka huinywa elimu kama shubiri.

Shule humpa mtoto herufi na wenzi. Nyumba humpa maneno yanayojibiwa papo hapo, ambayo mwalimu wa wengi hana nafasi ya kumpa kila mmoja. Mdogo na achambue mchele, ahesabu vijiko, ategue vitendawili. Mkubwa arudipo, amfundishe mdogo wimbo wa shule; mdogo naye amtegee kitendawili cha asubuhi. Haki baina ya ndugu hutimia kila mmoja anapokuwa na kitu cha kumpa mwenziwe.