Mkoba mdogo mweusi wa ngozi

Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza katika shule ya kata mkoani Tanga. Watoto ninaowapokea kila Januari wametoka kusoma miaka 7 kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo linawajia kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akijibu swali kwa kujiamini unamwona anainamisha kichwa. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii.

Kwa miaka mingi nilifundisha mpangilio wa vivumishi kama nilivyofundishwa mimi. Naandika ubaoni: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, matumizi. Wananakili, wanakariri. Na walikariri kweli. Hata ungemwamsha mtoto usiku wa manane angekutajia yote 8 bila kuruka moja. Kisha nakusanya madaftari, nakutana na “a leather, black, small, bag”. Mikato imejaa kila mahali, hata mbele ya nomino yenyewe, kwa sababu tangu shule ya msingi mtoto anajua kwamba vitu vikifuatana hutenganishwa kwa mkato: maembe, machungwa, mananasi.

Aliyeandika maneno hayo, akieleza mkoba wa bibi yake, alikuwa binti mkimya wa dawati la nyuma. Nilimwita mezani kwangu, na siku hiyo sikumtajia orodha. Nilimwuliza, “Hebu niambie kwa Kiswahili, huo mkoba wa bibi yako ukoje?”

“Ni mkoba mdogo mweusi wa ngozi, Mwalimu.”

Hakusita hata kidogo. Niliyaandika maneno yake pembeni mwa daftari, nikayatazama. Mdogo, mweusi, wa ngozi. “Small, black, leather.” Mpangilio wote ulikuwa umeshatoka kinywani mwake, kilichobaki ni kuuchukua mkoba na kuupeleka mwisho.

Tangu hapo ndivyo ninavyoanza somo. Sema kwa Kiswahili kwanza, shika nomino, ipeleke mwisho. Sufuria kubwa la kupikia linakuwa “a big cooking pot”. Kanzu nyeupe ya Kiomani, “a white Omani kanzu”. Huwa nawasimulia pia habari za J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza, aliyemweleza mshairi W. H. Auden katika barua ya mwaka 1955 kwamba utotoni alitunga hadithi ya joka. Mama yake hakusema neno juu ya joka lenyewe. Alimsahihisha tu kwamba haisemwi “a green great dragon”, husemwa “a great green dragon”. Tolkien mwenyewe hakujua kwa nini, na alipokuwa mtu mzima alikuwa bado anajiuliza. Nikimaliza nauliza darasa: joka gani? Wanajibu kwa pamoja, joka kubwa la kijani. Basi lipelekeni joka mwisho. Nyuso zao wakati huo zinanipa nguvu ya muhula mzima.

Njia hii ina mashimo yake, na mwalimu asiyeyajua atawaangusha watoto. Baiskeli nyeusi ya zamani ukiihamisha hivyo hivyo utapata “a black old bicycle”, na hilo ni kosa, maana Kiingereza hutanguliza umri kabla ya rangi. Tena sikio la Kiswahili halimkatazi mtu kusema mkoba mweusi mdogo. Hapo ndipo naitoa ile orodha. Sasa wanaitazama kwa sababu wana swali, nayo inakaa.

Mkato ulinisumbua zaidi. Vitabu hushauri kujaribu kuweka “and” katikati ya vivumishi, lakini mtoto ambaye sikio lake halijazoea Kiingereza atajuaje kama imekaa vizuri? Nikawaambia wajaribu “na”. Siku ndefu na ya kuchosha: inakubali, kwa hiyo mkato unaingia, “a long, tiring day”. Mkoba mweusi na wa ngozi: wanakunja uso wenyewe kabla sijasema kitu. Ngozi imeshikamana na mkoba, weusi unaeleza mkoba wa ngozi wote kwa pamoja, hakuna pa kupenyeza mkato. Na kati ya kivumishi cha mwisho na nomino hatuweki kitu kamwe, kwa sababu huwezi kumtenga mtu na jina lake.

Muhula wa pili niliwapa insha juu ya siku ya gulio. Yule binti aliandika kwamba bibi yake alibeba “her small black leather bag” tangu alfajiri, ikawa “a long, tiring day”. Juu ya ule mkato mmoja palikuwa na neno dogo la penseli, limefutwa nusu, bado linasomeka: na.