Tarehe iliyogeuka kwenye listi

Katika maeneo ya wakimbizi wa ndani, Ituri hata Kivu, maisha ya familia yanapitia kwenye listi. Kuna listi ya chakula, listi ya mabâche, listi ya watoto wa kupimwa. Zamani karani alikuwa na daftari na biki. Siku hizi mashirika mengi yanaweka majina kwenye jedwali la Excel, na fomula ndiyo inachagua nani ataitwa. Wazazi wanachunga sana jina lisiandikwe vibaya. Tarehe hawaiangalii, kumbe nayo inaweza kumtoa mtoto kwenye listi.

Kompyuta haijui mwezi wa pili wala wa nane. Inahesabu siku tu. Kwa Excel, tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na tarehe 1 Januari 2025 ni siku ya 45658. Kinachoonekana kama 08/02/2025 ni nguo ya juu. Ndani yake kuna namba.

Shida inaanzia hapa. Kongo watu wanaandika siku kwanza, kisha mwezi, kama walivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Lakini kompyuta nyingi zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi mbele. Mtoto aliyezaliwa tarehe 8 mwezi wa pili anaandikwa 08/02/2025, na mashine inasoma tarehe 2 mwezi wa nane. Namba 45696 inakuwa 45871. Siku 175 zimepotea, na hakuna kengele iliyolia.

Sasa mama anafika kwenye upimaji tarehe 20 Oktoba 2025. Ule mkanda wa rangi unaofungwa mkononi ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wake ana miezi minane, amekonda. Listi inasema ana miezi miwili.

«Mama, mutoto hajafikisha miezi sita.»

«Papa, nilimuzaa mwezi wa pili, hata muvua ya masika ilikuwa haiyaanza.»

Karani anaamini karatasi, kwa sababu karatasi imetoka kwenye mashine. Mama anarudi kwenye hema na mtoto hajapimwa.

Tarehe zenye siku kubwa kuliko 12 zinaleta shida nyingine. Mashine hiyo haiwezi kusoma 25/02/2025, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama maandishi matupu na fomula inakataa. Karani akiona hivyo, anasahihisha zile zilizokataa na kuziacha zilizogeuka, maana hizo zinaonekana nzima. Dalili ni moja: kama hakuna aliyezisogeza, tarehe ya kweli inakaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi upande wa kushoto. Safu moja ikiwa na pande zote mbili, listi nzima irudiwe.

Dawa ni rahisi. Siku, mwezi na mwaka viandikwe katika safu tatu, kisha DATE iviunganishe, mwaka kwanza: =DATE(2025;2;8) haiwezi kugeuka. Umri wa miezi unatolewa na DATEDIF yenye alama "m". Wengi wanaweka ndani yake AUJOURDHUI, lakini hiyo inabadilika kila kunapokucha: listi ya leo ikifunguliwa wiki ijayo, umri umesogea. Afadhali siku ya upimaji iandikwe kwenye kisanduku kimoja, na fomula zote ziisome pale.

Kuna pia familia zilizokimbia bila karatasi yoyote. Mzazi asipojua siku, makarani wengi wanajaza 1 Januari, na mtoto wa Novemba anaongezewa miezi kumi. Wapimaji wazuri wanauliza matukio: alizaliwa kabla ya mavuno ya maharagwe ao nyuma? Kabla ya Pasaka? Jibu hilo linakaribia ukweli kuliko 1 Januari.

Kwa mzazi, ulinzi ni kutunza karte ya chanjo kwenye sachet isiyoingiza maji, na kumwomba karani asome kwa sauti mwezi wa kuzaliwa kwa jina lake: Februari, Agosti. Akisoma mwezi usio wenyewe, asahihishe palepale, mbele ya mama, kabla listi haijaondoka.