SIKU MKE WANGU ALIPOAGIZA PWEZA



Ndugu zangu katika imani, leo sileti mas-ala ya talaka wala ya mirathi kama mlivyozoea. Leo najisema mwenyewe. Nimemwomba mke wangu ruhusa ya kuandika haya, akacheka, akasema, "Andika, huenda yakawafaa na wanawake wenzangu."

Mimi ni imamu wa msikiti hapa Dar es Salaam. Umri umeshavuka miaka 50 na ndoa yetu ina miaka 28. Katika miaka hiyo nimekula nje mara nyingi mno. Walima, hitma, maulidi, semina za masheikh kwenye kumbi za hoteli, kote huko nimekaribishwa na nimekula vizuri. Mke wangu hakuwapo. Yeye alikuwa nyumbani, na wageni wangu walipokuja yeye ndiye aliyewapikia. Futari za Ramadhani, chai ya wanafunzi wa darsa, pilau ya Idi, vyote vimepita mikononi mwake.

Siku moja binti yetu mkubwa, ambaye ameshaolewa, alikuja kutusalimia. Mama yake alikuwa jikoni kama kawaida. Binti akaniuliza taratibu, "Baba, hivi mama mara ya mwisho kula chakula ambacho hakukipika yeye, na si cha msibani wala cha harusini, ilikuwa lini?"

Nikafungua kinywa nijibu, jibu sikuliona. Sasa sisi masheikh tukikosa jibu huwa tunakimbilia dalili! Nikamwambia kwamba mambo ya kwenda kukaa kwenye migahawa ya baharini ni israfu, nikamtajia Suratul A'raf aya ya 31, inayotukataza kupita kiasi katika kula na kunywa. Nilisahau kwamba huyu nimemsomesha Qur'ani mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu, "Na Suratul Furqan aya ya 67, baba?"

Nikanyamaza. Aya hiyo inawasifu waja wa Mwenyezi Mungu ambao wakitoa hawafanyi israfu na wala hawafanyi ubakhili, bali wanakaa katikati. Mimi israfu nilikuwa naihubiri kila mwaka. Ubakhili sikumbuki niliuzungumzia lini mara ya mwisho.

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Ikanijia Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Anas (Radhi za Allah ziwe juu yake), kuhusu jirani yake Mtume (S.A.W.), mtu wa Uajemi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Alipika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akauliza kama Bibi Aisha naye amealikwa. Jirani akasema hapana. Mtume naye akasema basi, hapana. Jirani akarudi mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu ndipo akakubali na Bibi Aisha aje, wakaondoka wote wawili kwenda kula.

Hadithi hii nimeisomesha. Nimeeleza hukumu ya kuitikia mwaliko, nimetaja na maneno ya wanazuoni. Lakini kujiuliza ni mialiko mingapi nimeitikia bila kumkumbuka mwenzangu, hilo sikuwahi.

Basi tukapanga Jumamosi. Kwanza niliulizia sehemu isiyouza pombe, kwa sababu tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe, na kuna migahawa ya ufukweni inayouza. Nikaelekezwa mgahawa mdogo wa makuti upande wa Kigamboni, meza za mbao na viti vya plastiki, bahari mbele yako. Msikitini nikamwomba naibu wangu aswalishe Magharibi. Tulipomaliza Alasiri tukashuka Magogoni, tukavuka kwa pantoni, mimi, mke wangu, binti zetu wawili na mdogo wao wa kiume. Ng'ambo tukachukua bajaji.

Tulipofika, mke wangu alikaa pembeni kabisa ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Akapangusa meza kwa leso yake. Akavisogeza vikombe. Watoto wakacheka, "Mama, leo siyo kazi yako." Alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

Mhudumu akaja, kijana mwenye adabu, akatuamkia. Mimi nikaagiza kuku wa kuchoma na wali. Watoto wakaagiza samaki na chipsi. Akamgeukia mke wangu, "Na wewe mama, nikuletee nini?"

Akasema, "Chochote tu mwanangu."

Kijana akasema, "Mama, chochote hatuna leo." Tukacheka wote. Mke wangu akasema, "Basi kama anachokula sheikh." Binti mkubwa akamshika mkono, "Hapana mama, wewe. Wewe unataka nini?"

Akatazama bahari kidogo. Halafu kwa sauti ndogo akauliza, "Pweza wa nazi mnaye?"

Ndugu zangu, nilishangaa. Nikamwuliza, "Kumbe wewe unakula pweza?"

Akanitazama. Si kwa hasira, Wallahi hakukuwa na hasira. Akasema, "Baba, mimi mtu wa Mafia. Nimekulia pweza."

Hapo ndipo nikayajua niliyokuwa siyajui. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa mvuvi wa pweza. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake wa kwao hushuka mwambani kwa miguu na kijiti mkononi, wakachungulia matundu ya mawe. Pweza akipatikana hupigwapigwa mpaka alainike, ndipo apikwe. Mke wangu alianza kumfuata mama yake mwambani akiwa mtoto wa miaka saba. Chakula kile kilikuwa karo yake ya shule na sare zake.

"Sasa mbona nyumbani hujawahi kupika?" nikauliza.

"Nilipika. Wiki ya pili baada ya ndoa. Ukasukuma sahani, ukaniuliza hiki ni chakula au ni chambo cha kuvulia samaki. Nikasema basi, kama mume wangu hapendi, kisiingie ndani."

Mimi ni mtu wa bara, kwetu Tabora. Pweza nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Maneno yale niliyasema mara moja na nikayasahau jioni ileile. Yeye aliyashika miaka 28.

Mnaijua Hadithi ya dhabb, yule mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi? Imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwekewa nyama hiyo akiwa nyumbani kwa Bibi Maymuna. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika ardhi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani, akala, na Mtume anamtazama.

Tazameni vizuri hapo. Mtume hakuipenda, na aliyeketi naye akala mbele yake. Kutopenda kwake hakukuwa katazo kwa mwingine. Mimi, pweza hapatikani Tabora, nikamfanya kama haramu kwa mtoto wa Mafia, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tena nikaongeza kosa la pili, nikakitia ila chakula alichokipika. Na Mtume (S.A.W.) hakuwa akitia ila chakula kabisa. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Chakula kilichukua karibu saa nzima. Zamani ningemwita mhudumu nikasema maneno. Siku ile nilikuwa nashukuru kuchelewa kwake, maana mke wangu alikuwa anasimulia habari za mama yake, na watoto wetu walikuwa wanazisikia kwa mara ya kwanza. Pweza alipofika alisema Bismillahi, akaonja, akafumba macho. Akasema, "Nazi yake nyepesi kidogo," halafu akala mpaka akamaliza. Nami nikaomba kipande. Sikukipenda, nisiwadanganye. Lakini nilikitafuna na nikasema alhamdulillah.

Magharibi ilipoingia, jua lilikuwa limezama nyuma ya majengo ya mjini, na meli zinazosubiri kuingia bandarini zimeanza kuwasha taa. Tukaomba mkeka. Hapa Dar kibla ni kaskazini, na kwa pale tulipokuwa, kaskazini ni baharini. Wahudumu wawili wakaacha trei zao wakajiunga na safu. Nikaswalisha, na mke wangu na binti zangu wako nyuma yetu.

Bili ilikuwa Sh 64,000. Nilipolipa nafsi ilinibana, siwafichi. Nikajikumbusha Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, ambaye Mtume alimwambia kwamba kila anachokitoa kwa kutafuta radhi za Allah analipwa, hata tonge analomtia mkewe mdomoni. Ikiwa tonge lina ujira, basi na sahani inao, nia ikiwa safi.

Nasaha zangu ni hizi, kwanza kwangu, kisha kwenu:

1. Ukimtoa mkeo na watoto, tafuta mahali pasipo na maasi, na angalia wakati wa swala kabla ya kuangalia menyu. Pana mahali pa kutandika mkeka karibu kila penye adabu, ukiomba.

2. Toka kwa uwezo wako. Usikope ili upige picha. Kama huna, nunua mihogo ya kukaanga na kachumbari kwa wachuuzi, kaeni mahali penye upepo. Na kama hata nauli hakuna, ingia jikoni wewe siku moja, yeye akae. Hakuna anayeshindwa hilo.

3. Simu ziweke. Watoto wako hawajui habari za bibi yao, na huko kwenye simu hawatazikuta.

4. Muulize mkeo anataka nini, na akisema "chochote", usiondoke na jibu hilo. Muulize tena. Huenda kalisema kwa mazoea tu.

5. Na sisi tunaoshika vitabu tujitazame. Kuna vitu vingapi majumbani mwetu havifanyiki kwa sababu baba hapendi, na watu wamedhani ni dini?

Tangu siku ile pweza anapikwa nyumbani, kila akipatikana kwa bei nzuri sokoni Feri. Siku hiyo mimi hukaangiwa mayai mawili, nami nala bila neno. Watoto wanagombania mchuzi wake.

Ewe Mola, wasamehe wazazi wetu waliotangulia, na mrehemu mama mkwe wangu aliyemlea mke wangu kwa jasho la mwambani. Tujaalie katika wake zetu na watoto wetu kitulizo cha macho. Tuepushe na israfu, na utuepushe na ubakhili tunaouvisha kanzu ya dini. Amin.

Mfikishie na mwenzako.