Mji Mkongwe: Tulikwenda kutafuta kasha la zamani

Mwenye kuipita Ngome Kongwe ya Zanzibar na kuingia Mtaa wa Gizenga hukutana na maduka ya vitu vya kale yaliyopakana ukuta kwa ukuta. Humo mna mabirika ya shaba, sahani za kaure, saa za ukutani, sarafu, na makasha ya msaji yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na wageni wengi hupenda kuondoka na kipande chake.

Sisi tulikuwa na haja nyingine. Binti yetu anaolewa, na kwa desturi ya pwani kasha ni chombo cha bibi harusi. La marehemu bibi yetu halipo tena. Lilituponyoka katika siku za msiba, mirathi ikiwa bado haijagawanywa. Mchuuzi alipita nyumbani, mmoja wetu akasema kuwa lajaza chumba bure, nalo likaondoka kwa bei isiyofikia ya godoro. Warithi wengine walikuja kuuliza baada ya arubaini, nasi hatukuwa na la kujibu.

Katika duka la kwanza kijana alituapia kuwa kasha lake lina miaka 200. Tulipofunua kifuniko, harufu ya vanishi mbichi ikatupokea. Tulimshukuru, tukatoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee mwenye kanzu iliyofifia, ameketi na tasbihi mkononi.

"Karibuni, wanangu," alisema baada ya kuitikia salamu. "Kitu cha kale hakinunuliwi kwa masikio. Kiinamieni."

Akatufundisha. Tazameni mahali pa kushikia, alisema. Mkono wa shaba uliopanda na kushuka miaka mingi huacha alama katika mbao iliyo nyuma yake. Shaba ya kweli ya zamani hung'aa palipoguswa na huwa nyeusi katika mifereji ya nakshi, ambako kitambaa hakifiki. Kuchakaa kwa kweli hakulingani pande zote. Mchakao uliosambaa sawasawa ni kazi ya msasa. Tena geuzeni mtazame chini, kwani mwenye kughushi hupamba uso akasahau tako.

Kisha akatutolea riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Tuliidhania ya mwaka huo. Akatabasamu. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile baada ya malkia huyo kufa, hata karne ya 20. Mwaka ulioandikwa peke yake si ushahidi. Pembeni yake aliweka pesa ndogo ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yenye picha ya mizani.

Macho yetu yalikuwa yamekwisha kutua juu ya kasha moja zuri pembeni. Tukamuuliza umri wake.

"Hilo ni jipya," alijibu. "Limeundwa hapahapa mjini, na fundi wake namjua."

Angeweza kutuambia lolote, nasi tulikuwa tayari kuamini. Tukakumbuka habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wakauona. Mzee huyu aliiweka aibu ya bidhaa yake juu. Tulilinunua kasha lile kwa bei ya kitu kipya, na mioyo yetu ikatulia.

Kwa wasomaji wetu tunao wasia mmoja. Kabla ya kutoa mlango wa nakshi, kasha au birika la wazee, ulizeni kwanza ni mali ya nani, kwani katika mirathi kitu kidogo nacho kina wenyewe. Kisha mwiteni mjuzi akitazame, kabla mchuuzi hajawatajia bei.

Hamali alilifunga kasha juu ya mkokoteni kuelekea bandarini. Usiku ule tulibandika karatasi ndani ya kifuniko: jina la binti yetu, jina la fundi, na mwaka. Likijaliwa kuzeeka, wajukuu watausoma umri wake bila ya kuapiwa na mtu.