Siku Mbili kwa Baiskeli Katika Msitu wa Kereita

Msitu wa Kereita uko upande wa kusini wa milima ya Nyandarua, ile ambayo msafiri Mskoti Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare katika safari yake ya miaka 1883 na 1884. Mtu atokaye Nairobi hupita Limuru penye mashamba ya majani ya chai, akafuata barabara ya Naivasha mpaka mji mdogo wa Kimende, kisha akageuka mkono wa kulia. Hapo hupita katikati ya mashamba ya kabichi, viazi na karoti, na ng'ombe wa maziwa. Mashamba yakiisha, msitu huanza.

Zamani baiskeli katika nchi hii ilikuwa chombo cha kazi tu. Ilibeba maziwa na gunia la viazi, na ilimfikisha karani afisini. Ile baiskeli nzito iitwayo Black Mamba ingali yafanya kazi hiyo vijijini. Walakini baiskeli ya mlimani ni ya namna nyingine: matairi yake ni mapana yenye meno, gia zake ni nyingi, na breki zake ni za nguvu. Mchezo huu ulipata umaarufu kutoka California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipoteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu, na mwaka wa 1996 ukaingizwa katika michezo ya Olimpiki.

Jumamosi moja, watu saba wafanyao kazi katika afisi za Nairobi waliondoka mjini alfajiri. Walikuwa wamepatana sharti moja tu: aliye mbele amngoje aliye nyuma. Sharti hilo lilionekana jepesi mjini. Lakini Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200, hata wenye nguvu wakaanza kunung'unika njiani kwa sababu ya kungoja.

Walipofika msituni walilipa ada, wakapewa mzee mmoja mwenyeji awe kiongozi wao. Njia ilipita kwanza katika misunobari iliyopandwa kwa mistari, kisha ikaingia msitu wa asili, penye mierezi na mianzi. Mbega weusi wenye mikia myeupe walirukaruka juu ya miti. Pahali pengine palionekana mavi ya tembo yaliyo mabichi bado, na mzee akawaamuru wote washuke na kusukuma baiskeli kimya. Usiku walilala katika mahema, na baridi ikawafundisha thamani ya blanketi.

Usiku huo mvua ilinyesha. Jumapili walitembea polepole, na saa tisa alasiri walifika penye mteremko mkali wa udongo mwekundu. Mzee alisema, "Wanangu, tope hili ni kama sabuni. Tuzunguke kwa njia ya chini." Kijana mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wote, akajibu, "Mzee wangu, tukizunguka tutachelewa." Hakungoja jibu. Akateremka, breki zikashika lakini tairi zisishike, akatupwa kando. Mkono wake ulichubuka, na gurudumu la mbele likapindika lisiweze kuzunguka.

Sasa jua lilikuwa likielekea magharibi, na kila mtu alikumbuka mavi ya tembo. Wawili wakanong'ona kwamba wenye baiskeli nzima watangulie langoni. Mwanamke mmoja wa kundi hilo, ambaye siku zote mbili alikuwa wa mwisho na kungojwa na wote, alisema, "Sharti letu halikuandikwa kwa ajili ya wanyonge peke yao." Maneno hayo yalimaliza shauri. Wakamfunga kijana mkono kwa kitambaa, wakapokezana kubeba baiskeli yake, na wote saba wakaenda kwa miguu nyuma ya mzee. Walifika langoni giza likiingia. Kijana yule alimwendea mzee akamwomba radhi, na mzee akamwambia tu aoshe kidonda.

Yafaa wasomaji wafahamu kwamba msitu huu si mahali pa mchezo tu. Mito ya Nyandarua ndiyo ijazayo mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, ambayo hupatia Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Kwa sheria ya misitu ya mwaka 2005, wenyeji walipewa njia ya kuunda vyama vyao na kushirikiana na serikali katika kuitunza misitu. Ada ya mgeni na ujira wa kiongozi humfanya mwenyeji aone faida ya mti uliosimama.

Basi atakaye kwenda na achukue pampu, viraka na gundi, mnyororo wa akiba, koti la mvua na chakula cha kutosha. Atengeneze breki kabla ya kuondoka, asitoke katika njia zilizoruhusiwa, wala asiache takataka. Zaidi ya yote amsikilize mwenyeji, kwa maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu; na kijana yule alibahatika kuvunja gurudumu tu.